Tahadhari za maafa Uganda: Mto mmoja, mabaraza mengi, na Nakivale mwisho wa foleni

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, kisha huteremka kuelekea Isingiro na kuungana na mfumo wa maziwa ambamo yamo Mburo na Nakivale, kabla maji yake hayajafika Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha Buhweju leo, habari hiyo inawahusu wakaazi wa mitaa ya chini ya Mbarara, na baadaye inawahusu pia wakulima na wavuvi waliopakana na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Njia ya maji inajulikana. Njia ya taarifa ndiyo yenye utata.

Zamani utata huo ulikuwa mdogo. Ofisi za wilaya ya Mbarara, zilizoko Kamukuzi, kilima ambako pia lilijengwa kasri la wafalme wa Ankole, zilisimamia sehemu kubwa ya bonde hadi mpaka wa Tanzania. Mwaka 2005 Isingiro ikawa wilaya kamili. Buhweju nayo ilimegwa kutoka Bushenyi mwaka 2010, Rwampara ikamegwa mwaka 2019, na tarehe 1 Julai 2020 Mbarara mjini ikapandishwa hadhi kuwa jiji lenye uongozi wake. Kila mgawanyo ulikuwa na hoja yake, hasa ya kusogeza huduma karibu na wananchi. Hata hivyo, bonde moja la mto sasa lina mabaraza mengi, na kila baraza lina bajeti yake, kamati yake ya maafa na mkubwa wake wa kuripoti kwake.

Kwenye makaratasi, Uganda haina upungufu wa mipango. Sera ya taifa ya kujiandaa na kukabiliana na maafa imekuwepo tangu mwaka 2010, nayo inaelekeza kamati ziundwe kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Mwaka 2014 serikali ilifungua mjini Kampala kituo cha kuratibu dharura, kilicho chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambacho hukusanya takwimu za wizara mbalimbali na kutoa taarifa ya pamoja ya tahadhari. Mamlaka ya hali ya hewa hutoa utabiri wa msimu, na Wizara ya Maji ina ofisi ya kanda mjini Mbarara kwenyewe inayofuatilia mito na maziwa ya upande huu. Uganda pia ni miongoni mwa nchi 30 za kwanza katika mpango wa Umoja wa Mataifa unaotaka kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ifikapo mwisho wa mwaka 2027.

Kinachokosekana ni mamlaka moja yenye meno. Ibara ya 249 ya Katiba ya 1995 inaagiza iundwe Tume ya Kujiandaa na Kukabiliana na Maafa. Miongo kadhaa imepita na kazi hiyo imebaki mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo inaweza kushauri na kuratibu, lakini hailingani na tume iliyotajwa na Katiba yenyewe. Madhara yake yameonekana zaidi mashariki mwa nchi kuliko kusini-magharibi. Bududa mwaka 2010 na Bulambuli Novemba 2024, ardhi iliporomoka juu ya watu katika miteremko ya mlima Elgon, eneo ambalo hatari yake imeandikwa na kusemwa kwa miaka mingi. Wataalamu walijua mlima ule ni hatari. Lililobaki bila jibu ni nani angetoa amri ya kuhama, na waliohama wangelala wapi na kulima wapi.

Nakivale inaongeza ugumu wa aina yake. Makazi hayo yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda leo yana zaidi ya wakimbizi 150,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi, Somalia, Rwanda na Ethiopia. Wizara inayoshughulikia maafa ndiyo hiyohiyo inayoshughulikia wakimbizi, na hilo lingepaswa kuwa heri. Lakini ndani yake idara ni mbili. Mkimbizi husimamiwa na kamanda wa makazi na mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, ilhali mwenyeji wa kijiji jirani yuko chini ya mwenyekiti wake wa LC1 na wilaya ya Isingiro. Tahadhari ikishuka kwa ngazi ya wilaya, ni lazima mtu fulani akumbuke kuivusha upande wa pili. Mfumo unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja ni dhaifu, hata mtu huyo awe hodari kiasi gani.

Kisha ipo lugha. Utabiri wa msimu huandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa katika lugha kadhaa za wenyeji, na redio za Mbarara huzungumza zaidi Runyankole-Rukiga. Mama aliyetoka Kivu Kusini, anayezungumza na jirani yake Mrundi kwa Kiswahili, anaweza kuisikia redio hiyo siku nzima asitambue kwamba ameonywa. Katiba ya Uganda iliipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kianze kutumika hivyo. Kama kuna mahali ambapo uamuzi huo ungeokoa maisha mapema kuliko darasani, ni katika tangazo la mvua.

Tanzania inatoa mfano wenye pande mbili. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa ilitoa tahadhari kwa Kiswahili na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Miezi mitano tu kabla, Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, nchi ilikuwa tayari imeonywa kuhusu mvua za El Nino. Onyo la jumla, hata likiwa katika lugha ya kila mtu, halikuwaambia watu wa Katesh waondoke usiku upi.

Ndani ya Uganda kwenyewe upo mfano bora, nao uko katika afya. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa sehemu ya mnyororo wa taarifa, na mlipuko ulitangazwa kumalizika Januari 2023. Katika makazi ya wakimbizi, wahudumu wa namna hiyo huchaguliwa pia miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Wanazijua nyumba na lugha za majirani zao, na taarifa yao hupanda ngazi moja na ile ya wenyeji. Ni vigumu kuona kwa nini habari ya mafuriko au ukame isipite katika mikono hiyohiyo.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoondoa msaada kwa takriban wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Familia iliyokuwa ikiongezea mgao kwa kilimo cha mahindi na maharage sasa inategemea kiwanja chake kidogo. Isingiro ni wilaya ya ukame. Ule wa mwaka 2016 ulikausha mashamba ya ndizi na kuwaacha wenyeji wenyewe wakihitaji chakula. Kupanda wiki mbili mapema mno, kwa kuhadaiwa na mvua ya kwanza, kunaweza kumaanisha kupoteza mbegu zote.

Kwa hiyo hatua zinazohitajika kwanza hazidai mitambo mipya. Mabaraza ya bonde la Rwizi yanaweza kuafikiana nani hupiga simu kwa nani maji yakipanda, na kamanda wa Nakivale awe na kiti chake katika kamati ya maafa ya Isingiro. Fedha kidogo za kusafirisha ujumbe hadi kijijini nazo zinahitaji kuwa na mwenyewe anayejulikana. Utabiri wa mvua za Septemba hadi Desemba hutolewa kila mwaka karibu na mwisho wa Agosti, baada ya wataalamu wa nchi za IGAD kukubaliana kuhusu picha ya kanda nzima. Kati ya siku hiyo na siku ya kupanda, Nakivale ina wiki chache tu.