Mastaa wa Dhahabu na Plaizi za Kiunoni: Swaga Sawa, Ila Je, Inabana?

Ukipitia kurasa za Instagram za vijana wa Kanda ya Ziwa siku hizi, pozi limebadilika. Ile ya cheni shingoni na funguo za gari mkononi imeanza kupoa. Sasa hivi ni buti za mgodini, suruali ya mifuko mingi, na kiunoni kipochi cheusi chenye dude la chuma linalokunjika: plaizi katikati, halafu visu, bisibisi, msumeno, kopo la kufungulia soda na vikorokoro vingine vimejificha kwenye mipini. Kwa lugha rahisi, plaizi ya kukunja.

Bosi mmoja kijana mwenye maduara upande wa Nyarugusu, jina kapuni, katupia picha kainyanyua yake juu kama kombe la ligi. Chini maoni yakamwagika. "Bei gani bosi?" "Umeitoa wapi?" "Ina vitu vingapi?" Jamaa akajibu kwa kujiamini: vitu 18. Moto, moto, makofi, makofi. Ila katika maoni yote hayo hakuna aliyeuliza swali moja la maana: hiyo plaizi yenyewe inabana?

Na hapo ndipo vijana wengi wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita, wanapigwa mchana kweupe.

Tuseme ukweli, pesa ya dhahabu haina aibu. Mtu kakaa duara miezi mitatu anakula ugali wa mkopo, mwamba ukitoa anapata mgao wake, lazima kitu kionekane. Hakuna ubaya. Afadhali hata anayenunua kifaa kuliko anayemaliza mgao wote usiku mmoja kwenye meza za Katoro. Lakini kifaa sio cheni. Cheni feki ikichujuka, aibu inaishia shingoni. Plaizi feki ikikatika wakati umebana waya kwa nguvu zote, inaondoka na ngozi ya kiganja, na kesho yake huna mkono wa kushika sululu wala usukani wa boda.

Plaizi kwanza, mengine abiria

Wengi wanaovaa hizi plaizi hawajui zilikotoka, na stori yake ingewasaidia kuchagua. Mwaka 1975 Mmarekani mmoja, Tim Leatherman, alikuwa anazunguka Ulaya na mke wake kwa kagari kachakavu ka Fiat. Gari linazingua kila kukicha, mabomba ya hoteli za bei rahisi yanavuja, na yeye mfukoni ana kisu tu. Kila mara anajikuta anatamani kitu kimoja: plaizi. Akarudi kwao kuitengeneza. Akasumbuka miaka, makampuni yakamkatalia, mpaka mwaka 1983 ndipo ya kwanza ikaingia sokoni. Leo jina lake ndilo linaloigwa kwenye feki nyingi zinazouzwa kando ya stendi.

Angalia kitu hapo. Jamaa kisu alikuwa nacho, na visu vya mfukoni vyenye vikorokoro Waswisi walikuwa wanauza tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni plaizi. Yaani kifaa chote kimezaliwa kwa sababu ya plaizi, mengine ni abiria. Sasa mtu anayenunua kwa kuhesabu abiria bila kukagua injini, anapanda basi gani huyo?

Kuna fundi mmoja wa makarasha pale Katoro, mtu mzima, mikono imejaa grisi mpaka kwenye mistari ya viganja. Vijana wanampelekea hizi plaizi awasifie. Dogo mmoja kaja mbio:

"Shikamoo mzee. Cheki hii, ina vitu kumi na tano!"

"Marahaba mwanangu. Nimeviona. Sasa fungua plaizi, ibane, halafu ielekeze kwenye jua."

Dogo akabana. Ncha zikagusana, ila katikati mwanga ukapita kama dirishani. Mzee akashika mipini miwili akaitikisa kidogo kushoto na kulia. Plaizi ikacheza kama jino la mtoto.

"Hii ni ya kupigia picha," mzee akasema, akarudi kwenye karasha lake.

Kipimo chenyewe ndicho hicho, na hakihitaji chuo. Ncha zikutane sawasawa. Kiungio kisicheze. Sehemu ya kukatia waya ikutane yote, isiache upenyo. Ukiminya kwa nguvu, mipini isipinde na isikukate kiganja. Kisu kikifunguka kijifunge chenyewe, kisirudi kukukunjikia vidole. Na angalia imeshikiliwa na nini: yenye skrubu inaweza kukazwa ikilegea, ila yenye ribiti iliyogongwa mara moja ikilegea ndio basi tena. Zile kali zaidi, kama Leatherman Wave+ iliyotoka mwaka 2018, mpaka meno ya kukatia waya unayatoa na kuweka mengine yakiisha makali. Mtengenezaji mwenyewe anajua pa kwanza kuchakaa ni hapo.

Kuna na ule ujanja wa sumaku. Vijana wanaambiwa chuma orijino kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku, basi mtu anapita na kijisumaku cha spika anapima plaizi duka zima. Ni uongo. Chuma cha pua kinachotumika kwenye visu na plaizi nzuri, ile familia inayoandikwa 420, kinavutwa na sumaku vizuri tu. Sufuria ndiyo inaweza isivutwe. Ukitumia kipimo hicho unaweza kurudisha orijino na kuondoka na sufuria kiunoni.

Laki mbili na nusu au elfu ishirini?

Hapa ndipo kelele zinapoanza. Leatherman Wave+ mpya huko kwao Marekani inauzwa zaidi ya dola 100. Hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu za Kitanzania, kabla ya usafiri na kodi. Kwa hiyo ukiikuta mpya kabisa kando ya barabara kwa elfu ishirini, na jina limechongwa vizuri, usidhani Mungu kakukumbuka. Ni feki. Ile dhamana ya miaka 25 inayotangazwa na kampuni nayo haitakusaidia, maana muuzaji mwenyewe wiki ijayo anauza miwani.

Je, kila kijana akope laki mbili na nusu? Hapana, na hili ndilo mastaa hawasemi kwa sababu halipendezi kwenye picha. Kama bajeti ni ndogo, achana na plaizi ya kukunja kabisa. Nunua plaizi ya kawaida iliyo imara, bisibisi ya kugeuza ncha na kisu kidogo, weka kwenye kimfuko cha turubai. Vitu vitatu vya kweli vinashinda vitu 18 vya uongo, hata kama havining'inii kiunoni. Bodaboda wa Kahama analijua hili zamani: chini ya siti kuna spana namba 10, 12 na 14, plaizi na bisibisi. Na anajua pia kwamba hakuna plaizi inayochukua nafasi ya spana. Ukifungua nati kwa plaizi mara mbili tatu, kona zinaliwa, mara ya nne unaita fundi wa kuchomelea.

Basi nani anastahili kutoa hiyo laki mbili na nusu? Anayeitumia kila siku mbali na sanduku la vifaa. Kuna dada mmoja Shinyanga mjini, fundi mitambo wa muziki kwenye harusi na matamasha, hayuko maarufu na hapendi kamera. Yeye anazunguka na orijino kwenye pochi, pembeni ya lipshaini. Waya wa spika ukichomoka dakika tano kabla maharusi hawajaingia, hakuna muda wa kukimbilia garini. Anamenya waya, anakaza skrubu, anarudi kwenye mashine, MC anaendelea kutamba. Kifaa chake kimechubuka, rangi imetoka, ila kinabana kama siku ya kwanza. Ukiangalia kwa hesabu za pesa, yule dada kalipa bei ndogo kuliko dogo anayenunua ya elfu ishirini kila baada ya mwezi.

Yale yanayoua

Sasa sehemu ambayo sio utani. Pozi hizi zinafundisha vijana mambo, na mengine ni ya hatari.

La kwanza ni umeme. Plaizi ya kukunja ni chuma kitupu mwanzo mpaka mwisho. Haina plastiki ya kukukinga. Plaizi ya fundi umeme ina mipini yenye kinga na alama ya 1000V. Kwenye picha kuna msanii mmoja wa Kanda ya Ziwa kashika ya kukunja kwenye swichi ya jenereta, eti "kazi kazi". Kama hiyo jenereta ilikuwa inawaka, hizo volti 230 hazijui mashabiki wake ni wangapi. Zima kwanza, au muite mwenye vifaa vyake.

La pili ni fataki. Kule maduarani wapo wanaoona plaizi ni plaizi, basi wanabana nayo hata fataki za baruti. Usijaribu. Zipo plaizi za kukunja zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa mabomu zenye sehemu maalumu ya kazi hiyo, na wanaozitumia wamesomea. Kazi ya kulipua ni ya mtu mwenye cheti cha ulipuaji, kwa vifaa vya ulipuaji. Ya kiunoni haina mamlaka hayo hata ikiwa na vitu mia. Kidole kilichoondoka na fataki hakirudi hata duara litoe kilo.

La tatu linafanyika kimyakimya kuliko yote, nalo ni zebaki. Kisu cha kwenye plaizi kinatumika mwaloni kukwangua karai lililochanganyiwa zebaki, kinafutwa kwenye suruali, halafu mchana kinamenya embe. Na embe hilo linagawiwa mtoto. Zebaki inakula mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito inamfikia mpaka mtoto aliye tumboni. Kifaa kimoja cha kila kazi kisigeuke kifaa kimoja cha kila sumu. Kilichoingia mwaloni kibaki cha mwaloni, na embe litafutiwe kisu cha jikoni.

Halafu kuna haya madogo. Kisu ni kisu hata kikiwa na plaizi ubavuni. Ukienda klabu nacho, ugomvi wa soda unaweza kugeuka kesi ya polisi. Ukienda kupanda ndege Mwanza, kiweke kwenye begi la kupakia chini, la sivyo unakiaga pale kwenye mashine ya ukaguzi. Na ukiwa na cha laki mbili na nusu, kitunze: vumbi la mawe ya Geita linasaga kiungio kama msasa. Kisuuze, kikaushe, tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Hii nayo haipigwi picha, ndiyo maana wengi hawaijui.

Heshima iko wapi?

Watetezi wa mastaa watasema ni wivu, acha watu waenjoi, pesa zao. Sawa, pesa zao. Lakini Geita ya leo ina soko rasmi la madini tangu mwaka 2019, dhahabu inapimwa kwa mizani mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi. Kijana wa ukanda huu akiletewa jiwe hakubali kwa kuangalia linavyong'aa, maana anajua kuna mawe yanang'aa kuliko dhahabu na hayana kitu. Anasaga, anaosha, anapima. Iweje mtu huyohuyo akifika dukani anunue chuma kwa kung'aa tu?

Mastaa wana nguvu ya kubadilisha hili kwa siku moja. Wakiacha kuandika "vitu 18" na badala yake wakaonyesha plaizi ikibana, ikikata waya, ikipakwa mafuta, madogo wa Masumbwe na Runzewe wataiga hivyohivyo. Fasheni inayokufundisha kutengeneza kitu chako mwenyewe ni fasheni nzuri kuliko zote zilizowahi kupita huku. Ila ianzie kwenye kiungio, sio kwenye kipochi.

Haya wadau, uwanja ni wenu: mwenye laki mbili na nusu mkononi leo, anunue orijino moja au ajaze kimfuko cha turubai kwa vifaa vya kawaida na chenji ibaki?