Jina Limerithiwa, Gari Halikufufuka

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa maandishi ya Kiingereza ya kurasa mbili kuhusu magari ya MG, yale magari madogo ya spoti ya Uingereza yenye viti viwili na paa la turubai. Maandishi yalisifu kwamba MG imerudi sokoni. Karibu sisi wote tuliandika kwamba chapa hiyo "imefufuka", na mimi nikaongeza mbwembwe: "ufufuo wa jina kubwa". Nilipata alama nzuri. Leo naandika kujikosoa, kwa sababu neno lile halikuwa la kweli, na mimi ndiye niliyelichagua.

Aliyenishtua ni baba mdogo wangu, fundi wa mabati ya magari hapa Lubumbashi. Jioni moja nilimsomea tafsiri yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka nyundo chini, akauliza: "Basi mwanangu, ni nani aliyekufa, na ni nani amefufuka?" Sikuwa na jibu. Ikanibidi nikaisome upya historia ya gari lenyewe.

Herufi MG zinatokana na Morris Garages, gereji ya mjini Oxford. Miaka ya 1920 msimamizi wake, Cecil Kimber, alianza kuchukua magari ya kawaida ya Morris na kuyavalisha bodi nyepesi na nzuri zaidi. Baadaye kazi ikahamia mji mdogo wa Abingdon. Huko ndiko lilikotoka MGB, lililotengenezwa tangu mwaka 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000. Mwaka 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa, na jina likahamishiwa kwenye magari mengine ya kampuni mama. Mwezi wa Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ya Longbridge, karibu na Birmingham, ilianguka, na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Mwaka huohuo jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Nanjing ya China, ambayo baadaye iliingia ndani ya SAIC ya Shanghai. Wakuu wapya walitaka wanunuzi wa China wazisome herufi MG kuwa "Modern Gentleman", yaani mwungwana wa kisasa. Gereji ya Oxford ikafutwa hata ndani ya herufi zake. Magari yaliendelea kuunganishwa Longbridge kwa kiasi kidogo, na kazi hiyo ikaisha mwaka 2016.

Sasa tulipime neno letu. Tukisema Lazaro alifufuka, tunamaanisha Lazaro yuleyule, ambaye dada zake walimtambua. Je, mfanyakazi wa Abingdon aliyefungiwa mlango mwaka 1980 anaweza kuitambua MG ya leo? Atatambua herufi mbili ndani ya umbo la pembe nane. Basi.

Kuna waliofanya kazi iliyo karibu zaidi na kufufua, na hao hawatajwi katika matangazo. Ni wale wanaopambana na kutu. MGB halina chasisi ya pekee. Nguvu yake imo katika bodi yenyewe, hasa katika boriti mbili za bati zinazopita chini ya milango. Boriti hizo zina nafasi ndani, na humo maji na tope hujificha. Uingereza hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi huharakisha kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, kwa hiyo siku unapoona rangi imetoa malengelenge, ndani bati limekwisha kuliwa. Fundi mzembe hufunika tundu kwa mastiki na kupaka rangi. Fundi wa kweli hukata boriti yote na kuchomelea mpya. Tena kabla ya kukata huikaza bodi kwa vyuma vya muda, kwani asipofanya hivyo gari linajikunja katikati na milango haifungi tena.

Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya nzima za MGB, kwa kutumia mitambo ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa. Mwenye gari lililoliwa na kutu aliweza kuhamisha injini yake, viti vyake na taa zake kwenye bati jipya lenye umbo lilelile. Hapo, ukitaka kusema "kufufua", sitakubishia sana. Kuna mwili, na kuna anayeutambua.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa maana rafiki zangu wa darasa wamekwisha kunipa. Wanasema: huyo Kimber mwenyewe alichukua magari ya Morris akayabandika jina jingine, kwa hiyo MG tangu mwanzo ilikuwa jina juu ya mwili wa mwingine. Ni kweli, na hoja hiyo ilinisumbua. Lakini Kimber hakudai kwamba anafufua kitu. Alikuwa anaanzisha. Wanasema pia kwamba SAIC wanaunda magari yanayopendwa, na kwamba Cyberster, gari lao la umeme la viti viwili lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2024, lina paa linalofunguka kama la zamani. Nakubali. Sina ugomvi na gari hilo, wala na Wachina walioliunda. Kazi yao ni yao, na inastahili sifa yake yenyewe. Ugomvi wangu ni na neno.

Neno "ufufuo" hufanya kazi ileile ya mastiki. Linafunika tundu. Anayelisikia anadhani kitu kimoja kimelala, kimeamka, kinaendelea na safari. Haoni tena mlango wa Abingdon uliofungwa, wala wale 6,000 wa Longbridge waliorudi nyumbani, wakati jina lao lilipata mnunuzi na wao hawakumpata. Muuzaji ana faida ya kulitumia neno hilo. Mfasiri hana. Sisi hatulipwi ili tupake rangi.

Kiswahili kina njia nyingine, tena ya nyumbani. Mtoto akipewa jina la babu yake aliyefariki, tunasema amerithi jina. Tunafurahi, tunamwita kwa heshima, na pengine tunamtania kana kwamba ni mzee. Lakini hakuna anayesema kwamba babu amefufuka, na kaburi la babu halisahauliwi. Napendekeza basi tuseme "kurithi jina" pale kampuni inaponunua chapa ya kale, na neno "kufufua" tuliache kwa yule anayekata bati bovu na kulirudisha gari lilelile barabarani. Maneno haya mawili yanamwambia msomaji mambo mawili tofauti, na msomaji ana haki ya kujua ni lipi lililotokea.

Baba mdogo ana kipande cha sumaku mfukoni. Mtu akimletea gari la kununua, hukipitisha polepole chini ya milango. Kwenye bati kinashika. Kwenye mastiki kinaanguka, hata kama rangi inang'aa namna gani. Nimekwisha kuirudia kazi yangu ya muhula uliopita, nikafuta "ufufuo" na kuandika "jina limerithiwa". Alama haitabadilika. Lakini nilipomsomea tena baba mdogo, safari hii hakuuliza swali.