Uhuru ilivyopita anga ya Jinja na Mbale

Habari ya nyota pacha zinazonyang'anyana gesi haikamiliki bila Malindi. Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru.

Ilizunguka sambamba na ikweta, ikipita karibu na anga ya Jinja na Mbale, Uganda, kila baada ya saa moja na dakika 40 hivi. Ilichogundua kilikuwa kikubwa. Mfumo wa nyota pacha Centaurus X-3 ulikuwa ukipiga eksirei kila sekunde 4.8, kisha kila baada ya siku 2.1 unazimika: nyota ya nyutroni, ndogo lakini nzito ajabu, humeza gesi ya nyota kubwa mwenzake, kisha hujificha nyuma yake.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Nobel mwaka 2002.

Mwalimu wa fizikia Mbale anaweza kuwaonyesha wanafunzi mfano wa nyota pacha zinazofichana, usiohitaji darubini. Ni Algol, inayoonekana kaskazini jioni za Desemba. Kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi hufifia hadi karibu theluthi ya mwanga wake, kisha hurejea.