Kikwembe Hakifanyi Hija

Wakristu wapenzi wa Uvira na wa pwani yote ya ziwa letu, kuna ugonjwa unaoanza kuota katikati yetu, nao ni afadhali tuutibu ungali mchanga. Mti hupindwa ungali mbichi.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Papa Fransisko, aliwatangaza mashahidi wetu wanne kuwa Wenye Heri: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné, Bruda Vittorio Faccin na Abe Albert Joubert. Tangu siku ile watu wengi wanatamani kufuata njia ya damu yao kwa miguu: kutoka Uvira, kupita Makobola, Swima na Mboko, mpaka Baraka, kilomita zinazokaribia 100, halafu kuacha ziwa na kupanda milima mpaka Fizi. Tamaa hiyo ni njema, nayo ni ya Mungu. Lakini sikilizeni mazungumzo ya watu mlangoni pa kanisa. Hija ikitajwa, swali la kwanza siyo, “Tutaungama lini?” Swali la kwanza ni, “Kikwembe cha mwaka huu ni cha rangi gani, na bei yake franka ngapi?”

Basi, kwanza tukumbuke tunakwenda kwa nani. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba, jemadari mmoja wa waasi alifika misioni ya Baraka. Bruda Faccin aliamriwa apande gari, naye akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akamwona ndugu yake amelala chini. Alipoamriwa apande gari, alijibu kwamba kama wanataka kumwua, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Siku ileile, huko Fizi, Padri Didoné alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akaanguka. Na Abe Joubert, aliyezaliwa 1908 upande wa Moba, kandokando ya ziwa hilihili, akaanguka naye.

Je, walichukua nini katika safari ile ya mwisho? Hawakuwa na mzigo. Hawakupata hata nafasi ya kujitayarisha, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujitayarisha miaka mingi. Hiyo ndiyo maana ya matayarisho ya hija, na hayauzwi sokoni.

Turudi sasa kwenye kikwembe. Mimi sisemi kwamba vazi la sikukuu ni dhambi. Mama zetu wanapenda kupendeza mbele ya Bwana, na wana haki. Lakini najua parokia moja, nisiyoitaja, ambako mjane aliachwa nyuma siku ya kuondoka, kwa kuwa hakuwa na kikwembe chenye picha. Alikuwa amefunga, alikuwa ameungama, rozari yake ilikuwa mkononi. Wakamwambia, “Mama, wewe utaharibu mstari.” Tazameni ubaya huo! Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, aliwakemea Wakristu waliompa nafasi njema mwenye nguo nzuri, na maskini wakamwambia akae chini. Sisi tumepita hao: maskini wao alikaa chini, lakini aliingia, maskini wetu amebaki nyumbani.

Labda mtu atasema, “Kikwembe kimoja kinaonyesha umoja wetu.” Umoja gani huo, unaoanza kwa kumtenga mjane? Mwingine atasema, “Faida ya vikwembe inasaidia parokia.” Vizuri, basi wekeni kisanduku, watu watoe kila mmoja kwa uwezo wake, na hesabu isomwe hadharani siku ya Dominika. Mwingine atasema, “Tunataka kitu cha ukumbusho kwa watoto wetu.” Neno hili lina haki ndani yake, nami nitalijibu, lakini baada ya kulitaja kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza.

Kosa la pili ni udongo na maji. Wako watu wanaotaka kuchimba udongo wa Baraka, kuufunga katika karatasi na kuuza, ili wagonjwa waukoroge na kuunywa. Wako na wale wanaotaka kuchota maji ya ziwa pale, kuyatia katika bidoni, na kuyaita dawa ya mashahidi. Ndugu zangu, Kanisa linaheshimu masalia ya watakatifu, wala halioni haya. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 13, kinasimulia mtu aliyefufuka alipogusa mifupa ya Elisha. Matendo ya Mitume, sura ya 19, yanasimulia vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo, na wagonjwa wakapona. Lakini hapo hapo katika kitabu cha Matendo, sura ya 8, tunamwona Simoni mchawi akileta fedha ili anunue kipawa cha Mungu, na tunasikia jinsi Petro alivyomfukuza. Sheria ya Kanisa, namba 1190, inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Anayeuza udongo na kuuita masalia, anakosa mara mbili: ikiwa si masalia, anadanganya, ikiwa ni masalia, anavunja sheria.

Tena kuna hatari ya mwili. Hapa kwetu Uvira kipindupindu si mgeni, kimepanga nyumba. Kinapita katika maji ya mito na ya ziwa tunayoyanywa bila kuyachemsha. Mama anayempa mtoto wake maji mabichi ya ziwa kwa imani, atashangaa mtoto akiharisha mpaka macho yanaingia ndani? Imani haiui vijidudu vya maji. Moto ndio unaoviua. Mungu aliyetupa mashahidi ndiye aliyetupa kuni na sufuria. Kumjaribu Mungu siyo kumtegemea.

Wale jirani zetu wasiokubali sanamu wala medali watafurahi kusoma haya, nao watasema, “Tuliwaambia! Vitupeni vyote!” Hasha. Mtoto anayetunza barua ya baba yake aliyekufa haabudu karatasi. Mume anayetunza pete ya marehemu mkewe haabudu dhahabu. Kitu cha ukumbusho ni kizuri kinapomrudisha mtu kwenye sala. Ni kibaya kinapokaa mahali pa sala. Hiyo ndiyo mizani, nayo inatosha kupima rozari, medali, kikwembe na udongo.

Wenzetu wa Namugongo, kule Uganda, watufundishe. Kila mwaka, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, mahujaji wanafika kwa miguu kutoka pande zote za Uganda, wengine kutoka Kenya na Tanzania, wakitembea siku nyingi. Wanamkumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto pale tarehe 3 Juni 1886. Mashahidi wale nao walikwenda kwa miguu: walihukumiwa Munyonyo, wakafungwa kamba, wakapelekwa Namugongo. Mzigo wao ulikuwa kamba zao. Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu, wao na mashahidi wenzao waliouawa mahali pengine, wote 22, tarehe 18 Oktoba 1964, siku 41 tu kabla ya damu kumwagika Baraka na Fizi. Namugongo nako kuna maji yanayochotwa na vitu vinavyouzwa. Lakini hakuna anayeulizwa nguo yake kabla ya kuingia njiani. Anayefika na miguu iliyovimba na moyo mnyofu, huyo amefika.

Basi, anayetaka kwenda Baraka kwa miguu ajitayarishe hivi.

Kwanza, roho. Aungame kabla ya kuondoka, asingoje kuungama kule. Alipe deni lake, au aende kwa mdai wake aombe muda. Apatane na jirani aliyegombana naye kwa ajili ya shamba au nyavu. Mtu anayetembea kilomita 100 huku amemwacha ndugu yake amenuna nyuma, ametembea bure.

Pili, mwili. Aanze mapema kutembea, leo kidogo, kesho zaidi. Avae viatu alivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya ni adui wa hujaji. Akumbuke kwamba 28 Novemba ni wakati wa mvua: mito inayoshuka milimani inajaa ghafula, na sisi wa Uvira hatujasahau mafuriko ya Aprili 2020. Achukue kitu cha kujifunika, chandarua, na maji yaliyochemshwa. Achukue sukari na chumvi: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika litre moja ya maji safi, humsaidia anayeharisha mpaka afikishwe zahanati. Afunge kamba ya tumbo, lakini asiende na njaa: achukue unga wake na ndagala zake. Vijiji vya njiani si ghala letu. Na huko Lusenda, ambako wakimbizi kutoka Burundi walipokelewa tangu 2015, hujaji apite akitoa, asipite akiomba.

Tatu, akili. Njia hii imeona machozi. Makobola iliona mauaji makubwa mwisho wa mwaka 1998, na Desemba 2025 vita viliingia Uvira yenyewe. Kwa hiyo mtu asiondoke kabla paroko hajasema kwamba njia ni salama. Mama mwenye mimba, mzee dhaifu na mtoto mdogo wabaki bila haya. Wasali rozari nyumbani siku zote wenzao wakiwa njiani. Mashahidi hawatuombi tufe kwa ujinga. Wao hawakutafuta kifo. Walikataa tu kuwaacha watu wao.

Na kitu cha ukumbusho? Nilisema nitajibu. Chukua rozari yako ya zamani, uisali njia nzima, na ukirudi umpe mtoto wako ukimwambia, “Hii ilitembea mpaka Baraka.” Beba katika mfuko karatasi yenye majina ya marehemu wa nyumba yako, uyasome pale walipoanguka mashahidi. Chukua fimbo yako. Bwana wetu, katika Marko sura ya 6, alipowatuma Mitume aliwaruhusu fimbo na viatu, akawakataza mkate, mfuko na fedha. Fimbo ile uisimamishe nyuma ya mlango. Medali ukiwa nayo, ibarikiwe, na baraka haina bei. Hivi vyote havimfukuzi maskini hata mmoja.

Wakubwa wa vikundi na wa jumuiya za msingi, neno hili ni lenu. Mwaka huu, kabla hamjachagua rangi ya kikwembe, andikeni kwanza majina ya wale wasio na viatu, na fedha za kwanza zinunue viatu hivyo. Kisha muwaite watangulie mbele ya mstari. Padri Carrara hakumwacha ndugu yake peke yake chini. Sisi tunaojiita mahujaji wake, tutamwachaje mjane mlangoni?