Kansa ya maini: kupunguza uvimbe kabla ya operesheni, njia yenye matumaini lakini ya gharama

Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyekutwa na uvimbe mkubwa wa kansa ya maini alikuwa akiambiwa kwamba hawezi tena kupasuliwa. Uvimbe ukishagusa mishipa mikubwa ya damu, ao ukienea sana, kuukata kunaweza kumwachia kipande cha ini kisichotosha kumweka hai.

Utafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mlango huo haufungwi kwa wote. Wagonjwa 15 wenye uvimbe mgumu kuondolewa walitibiwa kwanza kwa dawa mbili, kwa muda wa karibu miezi miwili. Vidonge vya cabozantinib vinazuia uvimbe kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Nivolumab, inayoingizwa katika mshipa, inaamsha kinga ya mwili ili ishambulie kansa. Wagonjwa 12 waliweza kupasuliwa na uvimbe ukatolewa bila masalio kwenye kingo. Kwa 5 kati yao, sehemu kubwa ya kansa ilikuwa imekwisha kufa kabla ya operesheni.

Hata hivyo, wagonjwa 15 ni wachache, na hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba jambo linawezekana. Hayathibitishi bado kwamba wagonjwa wanaishi miaka mingi zaidi.

Kwa mgonjwa wa Bukavu, Goma ao Beni, swali ni lingine. Njia hiyo inadai skana, dawa za bei kali na wapasuaji waliozoea kazi ya ini. Inadai pia ini lenye nguvu. Anayefika hospitali tumbo likiwa limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Ndiyo maana vita kubwa kwetu inabaki kabla ya ugonjwa. Hepatitis B ni chanzo kikubwa cha kansa hii Afrika, na sumu ya ukungu katika karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri inaongeza hatari, hasa kwa mwenye virusi hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mtu mzima naye apimwe damu: akikutwa na virusi mapema, kuna vidonge vya kuvituliza na ini lake linaweza kufuatiliwa kwa ekografi, uvimbe ukiwa bado mdogo.