Usiniambie ni moyo, niambie fegi moja inauzwaje

Nyinyi mnaosema kuacha sigara ni moyo tu, leo tukae tuongee. Msemo huo nimeusikia kwa nyanya yangu, kwa ustadhi, kwa daktari mmoja aliyenitazama kama nimemwingilia na matope, na kwa jamaa wa bodaboda ambaye mwenyewe anatafuna mogoka tangu adhuhuri. Moyo ninao. Nimefunga Ramadhani nzima, kutoka alfajiri hadi magharibi bila hata pafu moja, nikiwa juani nafungua matairi ya malori hapa Mackinnon Road. Jua la hapa mnalijua. Mtu asiye na moyo haiwezi hiyo kazi. Sasa niambieni, kwa nini moyo huohuo unaanguka adhana ya magharibi ikilia, tende bado iko mdomoni, na mkono ushaanza kutafuta ishirini mfukoni?

Jibu langu ni hiyo ishirini yenyewe.

Nilianza nikiwa na miaka 16, kwenye pancha ya mjomba kando ya barabara kuu. Kwa wasiopajua, sisi tuko baada ya Taru ukitoka Mombasa, ndani ya Kwale lakini mbali kabisa na ile Kwale ya hoteli na mchanga mweupe mnayoiona kwenye picha. Kwetu kuna reli, malori, vumbi, na ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo mabasi husimama abiria washuke waswali. Wengine, tusidanganyane, wanashuka wavuke barabara wavute. Dereva wa lori akisubiri tairi hana la kufanya. Anavuta, na akiwa mkarimu anakukatia moja. Usingizi unakatika, njaa inanyamaza, na wewe unajiona mtu mzima. Haukupita mwaka nikawa mtu wa nane kwa siku.

Na hapa ndipo nataka mshike: kwa miaka sita ya kuvuta, sijawahi kununua paketi. Hata siku moja. Sijui hata inavyofunguliwa vizuri ile karatasi yake ya nailoni.

Piga hesabu. Nane kwa siku, ishirini ishirini, ni 160. Kwa mwezi ni 4,800. Chumba ninacholala hakifiki kodi hiyo. Mtu angenisimamisha tarehe moja aniambie toa 4,800 ya moshi, ningemuona ana wazimu. Lakini hakuna anayekudai 4,800. Unadaiwa ishirini, tena kwa upole, na chenji unarudishiwa.

Nimejaribu kuacha mara tano. Mara tatu nilifika siku ya nne, mara moja nikafika ya kumi na moja, na hii ya sasa nitaisema mbele. Arosto ya sigara watu wanaicheka kwa sababu si ya unga, haikulazi chini ukitapika. Lakini siku mbili tatu za kwanza nilikuwa mtu wa kugombana hata na kuku. Nilimrushia mdogo wangu spana (haikumpata, alhamdulillahi). Nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, ndiyo maana kila saa mbili mwili unapiga kengele. Halafu nikagundua kitu: hamu yenyewe, ukiitazama kwa saa, hukaa dakika chache kisha inapita. Inakuja, inakukaba, inaondoka. Vita vyote viko kwenye hizo dakika.

Sasa fikiria. Kama kwenye hizo dakika ningetakiwa kuwa na hela ya paketi nzima, ningeshinda, manake hela hiyo sina. Lakini kutoka pancha hadi kibandani ni hatua 20. Nimezihesabu. Kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye waya wa dirisha, hata cha kuwashia huhitaji kununua. Na moja si kurudi, si ndio? Moja ni moja tu. Ile siku ya kumi na moja nilijiambia hivyo saa kumi jioni. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa nimeshavuta tano.

Basi mjue hili, ndilo linalonichoma. Kuuza fegi moja moja Kenya ni kosa. Si maoni yangu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa 2007 na ikaanza kutumika Julai 2008. Inasema sigara iuzwe kwenye paketi isiyopungua sigara kumi, na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe kabisa. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kukimbiza tairi kwa kijiti. Maana yake kila sigara niliyowahi kununua maishani mwangu iliuzwa kinyume cha sheria, na zile za miaka miwili ya mwanzo zilivunja sheria mara mbili kwa mpigo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Askari wanapita, maafisa wa afya wanapita, na wengine wao wananunua palepale.

Halafu kuna zile picha za ugonjwa kwenye paketi. Kanuni za tumbaku za 2014 kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kortini ngazi kwa ngazi, mpaka Mahakama ya Juu ikaikatalia Novemba 2019. Nairobi watu walishangilia. Sawa. Lakini picha hiyo mimi naiona wapi? Paketi inakaa kwa muuzaji, chini ya meza. Mimi napewa kijiti cheupe kisicho na neno wala picha. Miaka yote ya kesi, na ujumbe wenyewe unaishia mkononi mwa mtu anayeuza!

Na nyinyi wakubwa wa pwani, hamjambo? Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku mogoka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu, na kila redio ikawaka moto. Sisemi mogoka ni maziwa. Nimeitafuna, naijua. Tena ndiyo mwenzake sigara, kama chai na mahamri: stimu ikipanda tu mdomo unadai moshi. Lakini vyote viwili viko kwenye kibanda kimoja, meza moja. Mogoka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, ndiyo maana vita vile vikawa vigumu. Fegi moja moja imeshakatazwa zamani. Haihitaji mkutano wa magavana wala hotuba. Inahitaji mtu mmoja afanye kazi anayolipwa mshahara kufanya. Mbona hiyo hamuioni?

Najua mtakachonijibu, kwa sababu mama wa kibanda alishanijibu. Nilimuuliza kwa heshima, ni mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Akaniambia, "Mwanangu, nikiuza paketi hapa nani atanunua? Hiyo ishirini yako ndiyo unga wangu." Siwezi kumbishia kuhusu unga. Na sitaki akamatwe. Akikamatwa najua mwisho wake: atatoa kitu kidogo, kesho asubuhi meza iko palepale na bei imepanda. Lakini msikilizeni vizuri. Amesema hakuna wa kununua paketi. Mwenyewe amekubali kwamba hapa kwetu sigara inaishi kwa kukatwakatwa, na isipokatwa wengi wetu tutaishia kuangalia kwa macho. Basi msianze na yeye. Anzeni na anayeshusha zile katoni kwa pikipiki kila wiki. Yule anajua vizuri kwamba hakuna kibanda cha nyanya na sabuni kinachouza paketi. Anajua zinaenda kukatwa, na analeta.

Na kama mnataka nitumie huo moyo wangu, nipeni na silaha basi. Chingamu na stika za nikotini Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Nilikwenda zahanati moja kuuliza, nikaambiwa ninywe maji mengi. Kwenye duka la dawa mjini nilitajiwa bei nikacheka. Kuna namba ya NACADA, 1192, ni bure, ipigeni mkikwama usiku. Lakini simu na kiberiti cha kamba, kipi kiko karibu?

Kwa nini naandika leo na si mwaka jana. Mwezi uliopita nilikuwa chini ya lori, mikono grisi tupu, nikamtuma mdogo wangu fegi moja. Ana miaka 12. Akauziwa, kama kawaida. Akarudi nayo imeshawashwa. Nikamuuliza nani kaiwasha. Akasema upepo ulikuwa mwingi, akaonelea aiwashe kulekule kwenye kiberiti cha kamba ili nisipate tabu. Na sigara haiwaki mpaka uivute. Nikamwambia afungue mdomo. Ulikuwa unanuka kama wangu.

Sikuivuta hiyo. Leo ni siku ya 19.

Jioni ileile nilienda kibandani nikamwomba mama asiniuzie tena, hata nikija nalia. Akakubali, akacheka hata. Nikamwomba na dogo pia asimuuzie. Hapo akanyamaza, akaanza kupanga nyanya zake upya mezani, kisha akasema, "Huyo hatumwi na wewe peke yako."