Choo kikijaa, jirani hana kosa

Mvua kubwa ikinyesha usiku hapa Goma, wengi wetu tunatoka mbio kutega bidoni na beseni. Lakini kuna wengine wanaoingojea mvua hiyo kwa jambo jingine. Wanatoboa shimo la choo lililojaa na kuacha maji yapeleke uchafu barabarani. Asubuhi watoto wanaenda masomo wakikanyaga humo.

Ilitokea tena kwenye avenyu yetu. Nilimwendea mwenye parseli, akaniambia kwamba gari la vidanje ni bei kali na mvua ni ya bure. Mfereji aliotumia ndio ule tuliosafisha pamoja naye siku ya salongo.

Najua shida yetu. Muji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba mita moja tu ni kazi ya nyundo na jasho, ndiyo maana vyoo vyetu vingi vina shimo fupi na vimeinuliwa juu ya ardhi. Shimo fupi linajaa upesi, zaidi tena pale familia tano au sita zinapotumia choo kimoja. Mawe hayo yana nyufa nyingi, uchafu unapita ndani yake, na wakaaji wengi bado wanachota maji ya ziwa Kivu. Kolera haijatuacha. Wazee wetu hawajasahau mwaka 1994, ilipoua maelfu ya wakimbizi katika majuma machache.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mwenye kujenga choo bila kufikiria siku kitakapojaa amejenga nusu tu.

Kwanza, tuache kutupa kila kitu humo. Sashe, nguo kuukuu, kotekisi na chupa haviozi. Vinajaza shimo kabla ya wakati wake, na siku ya vidanje vinaziba mpira wa pompi. Wenye fosi septiki nao wasimwage humo javeli au asidi nyingi wakidhani wanasafisha: vinaua vijidudu vinavyomeng'enya uchafu.

Pili, tusingoje mpaka kifurike. Uchafu ukibakiza nusu mita kufikia sakafu, wakati umefika. Na mtu asiingie shimoni na koleo. Mule mna gesi inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa anaweza kubaki huko pia. Wala tusimulike kwa kiberiti, maana gesi nyingine inawaka.

Tatu, feza. Wenye nyumba wanasema choo ni cha wapangaji, wapangaji wanasema ni cha mwenye nyumba. Choo hakisubiri mabishano yaishe. Familia sita zikiweka franka 1500 kila mwezi, mwaka ukiisha kuna franka 108 000 kwenye kopo. Mwenye nyumba anayepokea kodi aongeze inayobaki, kwa sababu parseli ni yake.

Na viongozi wa mitaa, msituhesabie tu wale wasiokuja salongo. Piteni mkaangalie vyoo kabla ya msimu wa mvua. Anayefungulia choo chake mferejini alipe amende kama anayetupa takataka. Na ninyi wa magari ya vidanje, tunataka kujua munamwaga wapi. Kama ni kichakani karibu na muji, uchafu utarudi kwetu na mvua ileile.

Mimi ni mupangaji pia. Jumapili tuliketi kwenye parseli yetu tukaanza kopo. Familia mbili hazijakubali bado. Nitarudi kuwagongea mlango kabla mvua haijafika.